Mtegemea Cha Nduguye Asome Tarehe

Mlezi wa chama chetu aliponiandikia akitaka niwaletee wadogo zangu jambo la kusoma katika jarida hili, nilikaa nikijiuliza niandike nini. Wanachama wa zamani hupenda kuandika juu ya mapenzi, ajali za barabarani na maisha ya chuo kikuu. Mimi kazi yangu ni ya kompyuta, na watu wengi hudhani kompyuta haijui Kiswahili. Basi nitawasimulia habari ya ghala lililohama, mjionee wenyewe kwamba hata huko methali zetu zina kazi.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ni nani kati yetu hakuikariri? Katika midahalo tuliitumia kama rungu la kumnyamazisha mpinzani. Lakini katika kazi ninayoifanya, hakuna asiyetegemea cha nduguye, na hakuna anayeona haya.

Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki. Baadaye wakatokea watu wa kuukusanya pamoja na programu nyingine maelfu na kuzigawa bure. Kundi moja la namna hiyo ni Debian, lililoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Programu zao hufungwa kama vifurushi na kuwekwa katika maghala kwenye intaneti. Kila ghala lina orodha ya vilivyomo, na orodha hiyo hutiwa sahihi ili mchukuaji ajue kwamba hakupewa kitu cha kughushi.

Sasa fikirieni jiko la shule. Mpishi hapandi maharagwe wala hasagi unga. Yeye hutuma mtu stoo na karatasi, vitu vikaletwa, sufuria ikatiwa motoni. Sisi mafundi wa programu nasi tuna mpishi wetu asiyelala, yaani mtambo wa kujenga programu. Fundi akibadilisha mstari mmoja tu, mtambo huamka wenyewe. Huchukua kompyuta tupu kwa dakika chache, huiwekea msingi wa Linux, kisha humtuma tarishi aitwaye apt kwenda ghalani kuleta vifurushi. Vikifika, mtambo hujenga programu, huijaribu, na kuipeleka kwa wateja. Hakuna mkono wa mtu hapo katikati. Lakini siku ghala likijibu "hakuna", hakipikwi kitu, hata kama kuni zinawaka.

Siku hiyo ilitufikia mwezi wa Aprili 2023. Nilikuwa katika karakana ndogo ya programu jijini Nairobi, na moja ya kazi zetu ilikuwa programu ya kuhesabu dawa katika zahanati kadhaa za mashambani. Fundi mmoja aliyetutangulia alikuwa ameiacha ikisoma tarehe kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi kwanza, siku baadaye. Kwa hiyo dawa ya kwisha muda tarehe 5 Aprili ikahesabiwa kuwa itakwisha tarehe 4 Mei. Ijumaa alasiri muuguzi mkuu wa zahanati moja akapiga simu.

"Mwanangu, mashine yenu inaniambia dawa hii ya watoto ni nzuri, na chupa inaniambia imekwisha muda. Nimwamini nani?"

"Iamini chupa, mama."

"Mimi nitaiamini chupa. Hapa kwetu dawa ikipitwa na tarehe tunaitoa rafuni, hatungoji mtu ainywe. Lakini zamu ya usiku ni ya msichana mgeni, na yeye anaamini mashine."

Maneno hayo yalituchoma kama mwiba. Mwenzangu akaketi, na kabla ya saa moja kupita alikuwa amekwisha kurekebisha kosa lile. Ulikuwa mstari mmoja tu. Akautuma. Mtambo ukaamka, ukazunguka dakika mbili, halafu, lo! Alama nyekundu. Akautuma tena. Nyekundu. Mara ya tatu, ile ile.

"Labda ni mstari wangu," akasema. "Wacha niutoe."

Nikamwambia, "Hebu ngoja kwanza, tusome."

Mtambo ukianguka huacha maandishi mengi, na macho ya mtu hukimbilia mstari wa mwisho. Mstari wetu wa mwisho ulisema tu kwamba kazi imekoma kwa nambari 100. Nambari hiyo hutolewa na apt akishindwa, sababu haiitaji. Tukapanda juu, mstari kwa mstari, hadi lalamiko la kwanza kabisa. Hapo tukakuta nambari 404, maana yake kitu kilichoombwa hakipo mahali hapo, na chini yake maelezo kwamba ghala la toleo la stretch halina tena faili lake la orodha. Mstari wa mwenzangu haukuwa na hatia. Mtambo ulikuwa haujaufikia hata kidogo.

Debian huyapa matoleo yake majina ya wahusika wa filamu ya Toy Story. Stretch ni toleo la 9, lililotoka Juni 2017. Muda wake wa kutunzwa na kuzibwa nyufa za usalama ulikwisha tarehe 30 Juni 2022, na Aprili 2023 likaondolewa katika maghala ya kila siku na kupelekwa katika ghala la kumbukumbu, archive.debian.org. Msingi wa programu yetu uliwekwa juu ya stretch na mtu aliyekwisha kuondoka, na tangu hapo ulikuwa haujaguswa.

"Sasa hawa wametutupa!" mwenzangu akafoka.

Mimi nikayakumbuka maneno ya yule mama. Kumbe ghala limefanya kile anachofanya yeye kila wiki! Kitu kimepita tarehe, kimetolewa rafuni. Hakikuchomwa, kimewekwa kando, ili anayekihitaji akifuate huku akijua anachukua kitu cha zamani.

Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Mwenzangu akapata njia ya mkato: ghala la mtu binafsi, lenye vifurushi vile vile. Tatizo ni kwamba sahihi zake apt hazitambui. "Si tuzime ukaguzi wa sahihi, bwana? Ni usiku mmoja tu!"

Nilikataa. Programu ile inaamua dawa ipi apewe mtoto. Tungewezaje kuijenga kwa vifurushi ambavyo hatujui vimefungwa na nani? Kumfukuza mlinzi kwa sababu anachelewesha wageni ni kumwachia mwizi lango.

Tukabadilisha anwani, tukaielekeza kwenye ghala la kumbukumbu la Debian wenyewe. Apt akalalamika tena, safari hii kwamba orodha moja imepitwa na tarehe. Lalamiko hili ni jingine kabisa. Sahihi inasema nani kaiandika orodha. Tarehe inasema iliandikwa itumike mpaka lini. Katika ghala la kumbukumbu tarehe kupita si ajabu, maana ndiyo sababu ya kitu kuwa huko. Basi tukaruhusu tarehe iliyopita, kwa ghala hilo peke yake, na mlinzi wa sahihi tukamwacha kazini.

Saa tatu na nusu za usiku alama ikawa ya kijani. Nikampigia yule mama, naye akamwamsha msichana wa zamu aangalie.

"Sasa inasema imekwisha," akajibu. "Mwanangu, lala salama."

Hiyo ilikuwa huduma ya kwanza tu, si tiba. Toleo lililokwisha muda halizibwi nyufa tena, hata ukilipata. Juma lililofuata tulihamia Debian 11, toleo imara la wakati huo. Ilituchukua siku nne, kwa kuwa vifurushi vingine vilikuwa vimebadilisha majina. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tuliujenga.

Wala hayakutupata sisi peke yetu. Mnamo Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS 8, Linux ya jamaa nyingine, itakoma tarehe 31 Desemba 2021 badala ya mwaka 2029. Mapema mwaka 2022 vifurushi vyake vikahamishiwa ghala la kumbukumbu, na mitambo mingi ulimwenguni ikaanguka. CentOS 7 nayo ilikoma tarehe 30 Juni 2024, na anwani iliyokuwa ikielekeza watu kwenye maghala yake ikanyamaza.

Tena, si kila 404 ni ghala kuhama. Mara nyingine mtambo, kwa kuokoa muda, huweka orodha ya jana na kwenda nayo ghalani leo, ukiomba kifurushi ambacho kimekwisha kubadilishwa na kipya. Dawa yake ni kuleta orodha mpya na vifurushi katika hatua moja, visitenganishwe. Na ikiwa tatizo ni ufunguo wa sahihi kwisha muda, utafute ufunguo mpya kwa mwenye ghala mwenyewe. Usimzibe apt mdomo.

Wadogo zangu, baadhi yenu mtaingia katika kazi hii. Mtambo ukianguka, someni lalamiko la kwanza kabla ya kumlaumu aliyegusa mwisho. Andikeni mahali panapoonekana tarehe ya kwisha kwa kila kitu mlichojengea juu yake, kama zahanati inavyoandika ya dawa. Nayo methali yetu naiheshimu bado, ila nimeiongezea kidogo: kutegemea cha nduguye si umaskini, mradi ujue nduguyo atakiweka mpaka lini, na uwe tayari kuhama kabla hajafunga mlango.

Chama chetu kidumu, na kalamu zenu zisikauke.