Kitulo, Mvua Ikinyesha

Mvua za Aprili zikishika Mbeya, wenye pikipiki za matembezi huzifunika turubai wakangoja Juni, barabara zikauke. Mimi Aprili ndio mwezi wangu. Juni huja na kipupwe kikavu, vumbi na majani yaliyokwisha kunyauka. Aprili milima ya Uporoto inatiririka kila upande, hewa inanukia udongo na mikaratusi iliyolowa, na ukishaiacha lami pale Isyonje unaweza kwenda kitambo kirefu bila kupishana na gari. Safari hii niliipangia mvua kwa makusudi: kupanda kupitia Isyonje, kuvuka uwanda wa Kitulo hadi Matamba, kisha kushuka kona za Chimala.

Mavazi kwanza, maana raha yote ya baridi inaanzia hapo. Aliye mkavu anaifurahia baridi. Aliyelowa anaivumilia, na baada ya muda hata kuvumilia kunamshinda. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, kwa hiyo shati la pamba lililolowa kifuani, upepo wa mwendo ukilipiga, humaliza nguvu za mtu mzima upesi sana. Nguo zangu za ndani ni za sufu, mitumba niliyoichagua mmoja mmoja sokoni Mwanjelwa, kwa kuwa sufu hata ikipata unyevu inaendelea kutunza joto. Juu yake sweta, kisha koti la mvua na suruali yake, saizi kubwa kuliko yangu ili hewa ya ndani ipate nafasi ya kukaa. Suruali hiyo inateremka nje ya gambuti. Ukiichomeka ndani, maji yote ya mwilini yanaishia kwenye vidole vya miguu. Mikononi navaa glavu za sufu, na juu yake glavu za mpira za kuoshea vyombo. Kioo cha helmeti nakipaka sabuni ya mche kwa ndani, kikiwa kikavu, kisha nakifuta kwa kitambaa mpaka king'ae. Pumzi haikitii ukungu tena.

Halafu kuna jambo nililojifunza kwa bodaboda wa Uyole. Asubuhi za baridi huvaa jaketi kinyumenyume, zipu ikae mgongoni, ili kifua kibaki na kitambaa kizima kisicho na mwanya. Ni ufundi wa watu wanaoamkia barabarani alfajiri kila siku, na sijaona jaketi la dukani lililouzidi. Sweta langu la zipu nalivaa hivyo hivyo.

Niliondoka na Honda XL 125, aina ile waliyozoea kupanda mabwana shamba, nyepesi na ndefu miguuni. Rasharasha ilinipokea nje kidogo ya Uyole, na rasharasha ndiyo mvua ya kuogopwa. Njia hii ya Tukuyu ndiyo ya malori yaendayo Malawi kupitia Kasumulu, na mafuta yanayodondoka kwenye magari hayo hukaa juu ya lami siku zote za jua. Manyunyu ya mwanzo huyanyanyua bila kuyaosha, lami yote ikawa utelezi mtupu. Hapo nakwenda taratibu, napita kwenye michirizi ya matairi, mbali na ule ukanda mweusi wa katikati ya njia ambako injini za malori hudondoshea. Mvua ilipokolea ikasomba uchafu wote, nikalisikia tairi linaanza kushika.

Kuanzia hapo mkono unabadilika. Kwenye jua naweza kuvuta mafuta kwa pupa na kukamata breki kwa ghafla, na pikipiki ikanisamehe. Kwenye maji haipendi kushtuliwa. Breki nazishika mapema, zote mbili kwa pamoja, pikipiki ikiwa bado imesimama wima, na kwenye kona naingia na mwendo ambao sina haja ya kuubadilisha mpaka nitoke. Breki za dramu zikiingia maji hupoteza meno, kwa hiyo kila nikivuka dimbwi nazigusa kidogo huku naendelea na mwendo, zipate moto zikauke. Baada ya nusu saa mwili mzima unakuwa umeshika mwendo huo: mabega yamelegea, magoti yamebana tangi, vidole vimeshika usukani kidogo tu. Sijui mchezo wala kazi nyingine inayonituliza hivyo.

Isyonje nilikata kushoto. Mlima Rungwe, karibu mita 2,960, ulikuwa nyuma ya pazia la mvua na sikuuona kabisa. Katika misitu hii ya Rungwe na Livingstone anaishi kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 wakati wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake siku nyingi. Ukipita hapa mvua ikinyesha unaelewa jinsi mnyama huyo alivyoweza kukaa bila kujulikana. Msitu unaanza na kuishia ndani ya wingu.

Kwenye udongo nilisimama juu ya vikanyagio, gia ya pili, macho mbali. Matope ukiyatazama karibu na tairi yanakuvuta humo humo. Kwenye mteremko mmoja nilikutana na kijana anashuka na viazi mviringo, magunia mawili ya lumbesa yaliyofunikwa nailoni, moja limelala juu ya jingine. Tairi la nyuma alilizungushia mnyororo ili ling'ate tope. Kwenye usukani, kila upande, alikuwa amefunga mfuko ulioshonwa kwa gunia na kitambaa cha blanketi ndani, mikono inaingia humo mpaka kwenye viwiko. Breki na klachi vyote viko mfukoni. Nilisimama kumpisha, maana mwenye mzigo ndiye mwenye njia.

"Kaka, habari za juu?"

"Salama, dada. Kumelowa ila panapitika. Ukifika penye miti, shika kushoto kwenye majani, katikati pameoza."

"Asante sana. Pole na mzigo."

"Nimeshapoa. Taratibu tu."

Pale penye miti katikati palikuwa pameoza kweli. Nikashika majani ya kushoto.

Kupita Kikondo miti inakwisha na mvua inabadilika tabia. Haidondoki tena, unaipita ikiwa imesimama hewani, laini, na inaingia kila penye upenyo. Uwanda wa Kitulo uko juu ya mita 2,600, karibu mita 900 juu ya Mbeya mjini. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita hivi, kwa hiyo kuna tofauti ya nyuzi tano au zaidi kabla hujahesabu upepo. Injini nayo inaihisi hewa nyembamba: nguvu inapungua, inataka gia ya chini mahali ambapo Mbeya ingepanda na ya juu. Mimi nina kipimo changu cha baridi. Kila baada ya muda nakigusa kidole kidogo kwa kidole gumba cha mkono huo huo. Vikikutana, naendelea. Vikishindwa kukutana, nasimama hapo hapo, kwa sababu mkono usioweza kufanya hivyo hauwezi kushika breki inavyotakiwa.

Vilikutana, lakini nilisimama hata hivyo, kwa ajili ya maua.

Kitulo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 ikawa hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 413 hivi, ya kwanza katika ukanda wa tropiki wa Afrika kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Kuna aina zipatazo 350 za mimea, 45 kati yake okidi zinazoota ardhini. Anayekuja Julai kwa sababu barabara ni kavu anakuta nyasi tu, maana maua ni ya mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Nilizima injini pembeni ya barabara. Hatua chache kutoka kwenye tairi kulikuwa na okidi, bua lake refu kama kalamu, maua madogo ya zambarau yamepangana kuanzia katikati hadi ncha. Kila ua lilishika tone moja la maji kwenye mdomo wake wa chini. Upepo ukivuma bua lilitikisika, lakini matone hayakuanguka. Nilichuchumaa, mikono nimeikinga karibu na injini iliyokuwa ikifuka mvuke, nikatazama mpaka magoti yakachoka.

Chini ya bua kama hilo kuna kiazi. Watu huvichimba viazi vya okidi hizi na kuvivusha kwenda Zambia, ambako hutengenezwa chikanda, chakula kinachopendwa sana. Kiazi kikishang'olewa, mmea umekufa. Kulindwa kwa uwanda huu kulitokana kwa sehemu kubwa na uchimbaji huo, na kila nikipita hapa najikuta naangalia kama kuna mashimo mapya kwenye majani. Siku ile sikuona.

Matamba nilifika meno yakigongana kidogo, hali ambayo kwangu ni sehemu ya raha mradi najua moto hauko mbali. Niliegesha mbele ya mgahawa wa mbao wenye moshi unaopenya kwenye bati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, ingia na matope yako hayo hayo."

Alinivua glavu kama mtoto, akazitundika kwenye msumari juu ya jiko la mkaa, akanimiminia chai ya maziwa yenye tangawizi kali. Baridi ina jambo hili ambalo joto haliwezi kukupa: chai unaisikia inapopita, kooni, kifuani, mpaka tumboni, halafu inasambaa mabegani. Nilikula maharage na chapati bila kusema neno. Nilipokuwa najiandaa kuondoka, mama akatoa sufuriani viazi viwili vya kuchemsha, vya moto, na maganda yake.

"Weka mifukoni, kila upande kimoja. Mkono ukiganda, shika. Ukifika chini, kula."

"Ahsante, mama."

"Kwani usingengoja jua, mwanangu?"

Nikamwambia jua nitalipata Chimala, huku nimeifuata mvua. Akacheka, kisha akasema wao mvua hawaifuati, inawafuata yenyewe. Maneno hayo nayabeba kila nikiwaza safari za namna hii. Mimi napanda kwa hiari na kushuka nikitaka. Kwa mkulima wa huku barabara ikioza lori haliji, viazi vinalundikana kando ya njia, na mnunuzi anayefika anataja bei aitakayo. Mgonjwa anateremshwa kwa bodaboda, kwenye matope yale yale ninayoyafurahia. Naipenda mvua ya Matamba kwa moyo wote, na kwa moyo huo huo natamani barabara yake itengenezwe ipitike mwaka mzima, hata kama itanipunguzia ninachokuja kukitafuta.

Kutoka Matamba kwenda Chimala mlima unakatika ghafla, na barabara inateremka kwa kona ambazo wenyeji wameziita Hamsini na Saba, kwa idadi yake. Kushuka kwenye utelezi ndiko kugumu, kwa kuwa uzito wote unaegemea tairi la mbele. Gia ya kwanza, klachi imeachiwa, injini ibane yenyewe. Breki ya mguu kidogo, ya mkono kwa vidole viwili, na kwenye kona yenyewe hakuna breki kabisa. Mkono wa kushoto ulipoanza kufa ganzi nilisimama nikashika kiazi. Kilikuwa bado cha moto.

Katikati ya kona wingu likaisha. Uwanda wa Usangu ukawa chini yangu, mashamba ya mpunga yanang'aa maji mpaka upeo wa macho, na joto likaanza kupanda kunilaki, kona kwa kona. Nilivua sweta, baadaye glavu. Chimala, kwenye mita 1,100 hivi, jua lilikuwa linawaka na malori ya Zambia yalikuwa yanakimbizana kwenye barabara kuu. Nilikula viazi vyangu kituo cha mafuta, na maganda yake.

Vijana wa bodaboda waliokuwa kivulini walitazama tope lililonifika kiunoni.

"Dada, juu inanyesha?"

"Inanyesha."

"Sasa hapa Mbeya ni lami tupu, kilomita 70 na kitu tu. Saa mbili nyingi."

Ndivyo nilivyokuwa nimepanga. Lakini ilikuwa saa saba tu mchana, tangi limejaa, cheni iko sawa, Matamba kuna nyumba za kulala wageni, na kwenye utelezi kupanda ni rahisi kuliko kushuka, kwani uzito unarudi tairi la nyuma. Nilivaa sufu zote upya pale pale juani, jasho likinitoka, nikavuta glavu za mpira juu yake na kugeuza pikipiki.

"Si ndiko ulikotoka?" akauliza mmoja.

"Ndiko, kaka," nikamjibu, nikaingiza gia.