Hesabu ya Jioni

Mapigano ya Djugu, huko Ituri mashariki mwa Kongo, yalipopamba moto kuanzia Desemba 2017, watu walimiminika mjini Bunia. Kambi moja ilizuka kando ya Hospitali Kuu, nyingine kwenye chuo cha ualimu cha ISP, na mwaka 2019 wengi wa hospitalini wakahamishiwa Kigonze. Kila kambi ilikuwa na karani na daftari lake. Tulipoingiza majina kwenye kompyuta, kila daftari likawa jedwali lake katika hifadhidata. Fundi yeyote angetucheka, lakini ndivyo kazi ilivyokuwa imegawanywa.

Jioni shefu wetu alitaka idadi ya familia. Tulifungua jedwali moja, tukaandika jumla kwenye karatasi, tukaenda la pili, kisha tukajumlisha kwa simu. Ubaya ni kwamba makarani hawakuacha kuandika. Familia iliyohamishwa kwenda Kigonze wakati tukiwa katikati ya hesabu iliweza kuonekana mara mbili, au isionekane kabisa.

Kijana mmoja aliyesomea informatiki Kisangani ndiye aliyetuonyesha kuuliza yote kwa mpigo. Alianza kwa kutukataza jambo moja: kutaja majedwali mawili pamoja bila kuyaunganisha kwa kitu. Hapo kila mstari wa huku huoana na kila mstari wa kule, na familia 3 na 4 zinakuwa 12! Kila jedwali lihesabiwe ndani ya mabano yake:

SELECT (SELECT COUNT(*) FROM hospitali) + (SELECT COUNT(*) FROM isp) + (SELECT COUNT(*) FROM kigonze);

Tulitumia PostgreSQL, ambamo swali moja huona data jinsi zilivyokuwa lilipoanza. Kwangu faida kubwa ilikuwa hiyo, kuliko dakika tulizookoa. Shefu alipotaka idadi ya kila kambi peke yake, tulipanga hesabu moja chini ya nyingine kwa UNION ALL. Ukiisahau ALL, na hukuandika jina la kambi, kambi mbili zenye idadi sawa hutoka kama moja.

Baadaye tuliyamwaga yote katika jedwali moja lenye safu ya kambi, na GROUP BY ikamaliza kazi. Kuhamisha familia kukawa kubadili neno moja. Makarani walinuna, kila mmoja akidai jedwali lake. Basi tukawatengenezea orodha zinazochuja kambi moja moja kutoka jedwali kubwa, zenye majina yale yale ya zamani, wakaendelea kuzifungua kila asubuhi bila neno.