Kanazawa: Dhahabu Inang'aa, Karatasi Inafanya Kazi

Hebu jiulize msomaji, ukisikia Japani kitu gani kinakujia kichwani? Kwangu mimi ilikuwa magari tu. Nilidhani nchi nzima ni kiwanda kimoja kikubwa. Sikujua kuna mji ambao mafundi wake bado wanakaa kwenye mkeka na kufanya kwa mikono kazi waliyorithi kwa mababu.

Ila niseme ukweli, sikwenda kutalii. Nilimfuata mume wangu, baba Neema, aliyekuwa na miezi tisa Tokyo kikazi. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja. Akaongeza wa pili, akasaini, ndipo akanipigia simu kuniambia. Wewe uliye mbali na mwenzio unaelewa. Nilikata ile simu bila kuaga. Nilipofika kwake tukawa tunaongea kwa adabu kupita kiasi, "umelala salama?", "utakula nini?", kama wageni waliokutana hotelini.

Siku ya nne akaja na wazo: twende Kanazawa, kuna matembezi ya kuona mafundi wa jadi. Mji huo uko upande wa Bahari ya Japani, na tangu mwaka 2015 treni ya kasi, Shinkansen, inakufikisha kutoka Tokyo kwa kama saa mbili na nusu. Nikakubali, angalau ndani ya treni watu hawagombani.

Kiongozi wetu alikuwa mama mmoja mtu mzima, mwembamba, mwenye Kiingereza cha taratibu na mwavuli mkononi. Alituambia wenyeji wana msemo: hata ukisahau chakula chako cha mchana, usisahau mwavuli. Kweli, hatukumaliza dakika kumi mvua ikaanza.

Akatueleza kwamba ukoo wa Maeda ulitawala hapa kwa karibu miaka 300, ukiwa na utajiri mkubwa wa mpunga. Ili shogun aliyekuwa Edo, ndiyo Tokyo ya leo, asihisi wanajiandaa kwa vita, watawala hao wakamwaga mali kwa mafundi na sanaa. Vita vya Pili vya Dunia navyo havikuuangusha mji huu kwa mabomu. Ndiyo maana ufundi bado upo, na mwaka 2009 UNESCO iliuingiza kwenye mtandao wake wa miji ya ubunifu, kwa upande wa kazi za mikono.

Tulianza na Kaga yuzen, upakaji rangi wa kitambaa cha hariri cha kimono. Fundi huchora maua kwa gundi ya mchele ili rangi zisiingiliane, kisha hupaka kwa brashi, rangi moja baada ya nyingine. Zamani gundi hiyo ilisafishwa mtoni, kwenye maji ya baridi ya mto Asano. Nikainama kuangalia jani moja, nikaona limetobolewa. "Limeharibika hili," nikamnong'oneza baba Neema. Kiongozi akacheka. Kumbe tundu la mdudu huchorwa makusudi! Jani la kweli huliwa na wadudu, kwa nini waufiche ukweli?

Pale nikamkumbuka bibi yangu. Kuna kipindi katika karne iliyopita kanga nyingi za Afrika Mashariki zilichapishwa Japani, na bibi alikuwa na doti moja aliyoiita "ya Mjapani", aliyoitoa sandukuni siku za harusi tu. Nilipomsimulia baba Neema tukacheka wote wawili. Kilikuwa kicheko chetu cha kwanza tangu nifike.

Kutoka hapo tukavuka kwenda Higashi Chaya, mtaa wa nyumba za chai ulioanzishwa mwaka 1820, ambako geisha waliwaburudisha matajiri. Nyumba ni za mbao, zina madirisha ya fito nyembamba, na ukiwa nje huoni ya ndani. Huko wanauza aiskrimu iliyofunikwa utando wa dhahabu halisi. Usicheke, nilikula, na dhahabu haina ladha yoyote.

Karibu dhahabu yote inayotandazwa Japani, kama asilimia 99, inatoka Kanazawa. Kipande kidogo cha ukubwa wa sarafu ya yeni 10 hugongwa mpaka kitandazike kama mkeka mzima wa tatami. Unene wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Ukihema tu, unaruka.

Tukakaa karakanani kubandika utando huo kwenye vijiti vya kulia. Baba Neema ashike, mimi nibandike, wote tumebana pumzi. Wa kwanza ulichanika. Wa pili ukanata kidoleni kwangu. Nikamuuliza kiongozi, siri ni nyundo? Akatikisa kichwa. Siri ni karatasi, akasema. Kwa njia ya jadi, dhahabu hugongwa katikati ya karatasi zilizoloweshwa kwenye maji ya majivu ya mabua ya mpunga, maji ya tunda la kaki na mayai. Kuiandaa karatasi ni kazi ya miezi. Ikiwa mbaya, dhahabu haitandazwi. Lakini mnunuzi anaona dhahabu tu.

Sijui nini kilinipata. Nikamgeukia mume wangu, nikamwambia kwa Kiswahili, polepole: "Mimi ndiyo karatasi. Hela unayotuma kila mtu anaiona. Neema akiugua saa nane usiku, mama yako kupelekwa kliniki, hayo nani anayaona?"

Akanyamaza, kijiti mkononi. Kisha akasema, "Nilipaswa kukuuliza kabla ya kusaini, mama Neema. Niliogopa utakataa."

"Ningekataa."

"Najua."

Mkataba haukufutika, msomaji, nisikudanganye. Lakini usiku ule tulikaa na kalenda mpaka saa saba: yeye atakuja nyumbani Aprili, mimi na Neema tutakwenda Julai, na hakuna tena kusaini kwanza na kuniambia baadaye.

Ukipata nafasi ya kwenda, vaa viatu vinavyovulika kirahisi maana karakana nyingi huingii navyo, uliza kabla ya kupiga picha ya fundi, na panga karakana chache ili usikimbizane na saa.

Vile vijiti viko kabatini, dhahabu imekaa upande. Ninachotembea nacho ni pakiti ndogo ya karatasi za kufutia mafuta usoni. Zamani karatasi zilizochoka kwa kugongewa dhahabu ndizo walizotumia geisha, kwani zinanyonya mafuta bila kuharibu vipodozi. Mchana ofisini nikijifuta uso, ninampigia baba Neema. Siku hizi anapokea kabla simu haijalia mara mbili.