Usidharau Maumivu ya Tumbo

Dada mmoja wa kikundi chetu cha akina mama kanisani alifanyiwa upasuaji wa kupunguza unene kupitia matundu madogo. Tumbo lake la chakula lilifanywa dogo, na utumbo ukaunganishwa upya. Kwa mwaka mmoja na nusu alipungua sana, nasi tukamshukuru Mungu pamoja naye. Makovu yalikuwa madogo, tukayasahau.

Kisha akaanza kuumwa tumbo baada ya kula. Maumivu yalikuja na kuondoka. Sisi wauguzi tukasema ni vidonda vya tumbo, tukampa vidonge vya kupunguza asidi. Tulikosea. Usiku mmoja alitapika bila kukoma, akakimbizwa chumba cha upasuaji. Ilikuwa ngiri ya ndani. Mtu akipungua, mafuta yaliyozunguka utumbo nayo hupungua. Nafasi zilizobaki baada ya upasuaji hupanuka, na utumbo huweza kupenya humo ukabanwa hadi damu isipite. Kwa nje huoni uvimbe wowote.

Ashukuriwe Mungu, alipona. Mama mwenzetu, ikiwa umewahi kufanyiwa upasuaji huu, hata kama ni miaka mingi iliyopita, na hasa ukiwa mjamzito, usiyanyamazie maumivu kama hayo. Wahi hospitali, na usione haya: mweleze daktari habari za upasuaji wako kabla ya yote.