Shangazi, matuta ya Powis haya hapa



Uliniagiza nikitembelea bustani yoyote ya huku nisikutumie picha peke yake, nikusimulie. Basi kaa kitako, chai iwe karibu. Jumamosi mimi na jirani yangu tulifunga safari hadi Wales, kwenye kasri la Powis.

Kutoka Birmingham hubadilishi treni, inakufikisha Welshpool kwa kama saa moja na nusu. Ukishaipita Shrewsbury vilima vinasogea, kondoo wanazidi watu, na matangazo ndani ya behewa yanatolewa kwa Kiwelisi na Kiingereza. Kutoka stesheni unaukata mji kwa miguu, unaingia kwenye hifadhi yenye mialoni mizee, na huko mbele unaliona kasri limekaa juu ya mwamba, jekundu kwa mawe yake. Wenyeji hawakuhangaika kulitafutia jina, waliliita Kasri Jekundu.

Lilianzishwa karne ya 13 na Gruffydd ap Gwenwynwyn, mtawala wa Kiwelisi aliyeona heri kuelewana na mfalme wa Uingereza kuliko kuwa chini ya Mwelisi mwenzake wa Gwynedd. Siasa za ujirani, unazijua. Mwaka 1587 Sir Edward Herbert alilinunua, na ukoo wake ukaligeuza ngome ya vita kuwa nyumba ya fahari. Vyumbani nilipita upesi. Kuna ukumbi mrefu ambamo wenye nyumba walijinyooshea miguu siku za mvua, na chumba chenye kitanda kilichozungushiwa uzio wa mbao, ili anayekuja kumwamkia mkubwa ajue mwisho wake ni wapi. Akili yangu ilikuwa nje.

Nje, Shangazi, ni matuta! Mteremko mzima upande wa kusini-mashariki umechongwa hatua kwa hatua, kama mnavyoichonga milima ya Lushoto, ila haya yamejengewa kuta ndefu za matofali na ngazi za mawe, na juu ya ukingo mmoja wamesimamishwa wachungaji wa kiume na wa kike waliosubiwa kwa risasi, wote mkao wa kucheza ngoma. Kazi hiyo ilifanyika mwishoni mwa karne ya 17, kwa mtindo wa Kiitaliano. Hakuna aliyepanda hapo gunia la viazi. Nilikumbuka habari za wazee wetu wa Mlalo, ambao kuanzia 1946 serikali ya Mwingereza iliwalazimisha kuchimba matuta kwenye mashamba yao, hadi upinzani ukauvunja mpango ule mwaka 1957. Huku wakubwa wa taifa hilohilo walikuwa wamechongewa matuta ya kutembelea jioni.

Lakini nisikunyime uzuri wake. Ukuta wa matofali unakunywa jua mchana kutwa na kulitoa pole pole usiku, kwa hiyo mimea ya nchi za joto inavumilia pale, ilhali bondeni ingekufa kwa baridi. Mwanzo huu wa Oktoba, wakati bustani nyingi zimeanza kuchoka, matuta yalikuwa yamechangamka: dahlia nyekundu za damu ya mzee, salvia za buluu, fuksia zinazoning'inia, na vyungu vikubwa vilivyojazwa maua hadi kumwagika. Chini zaidi, miti ya mepo ya Kijapani imeanza kuwaka rangi ya machungwa huku mialoni bado inasitasita. Dahlia kwao ni Mexico, kwa hiyo usidhani Mzungu alizaliwa nazo. Ni ngeni kwake kama zilivyo ngeni mlangoni kwako.

Kinachokushika zaidi ni miyuu. Ni miti ya Ulaya yenye majani membamba ya kijani kizito, isiyopukutika, inayoishi karne kwa karne. Hapo Powis ilipandwa midogo na kukatwa kwa umbo maalumu. Vizazi vikapita, mitindo ikabadilika, ikaachwa inenepe, na leo ni mijitu ya kijani iliyovimba, imeelemea kuta kana kwamba inachungulia. Kila mwaka, majira haya, wanaikata upya. Zamani watu walipanda ngazi ndefu wakiwa na mikasi. Siku hizi fundi anainuliwa na mashine yenye kikapu, na kazi inakula wiki nyingi. Tulimkuta mmoja juu kabisa, anapapasa ukingo kwa mashine ya kukatia. Nilisimama kumwangalia muda mrefu kuliko nilivyoiangalia dari yoyote ya kasri.

Sasa nikupe habari ya fedha, maana najua utauliza nani alilipa. Karne ya 18 kasri lilichakaa. Mwaka 1784 binti wa nyumba hiyo, Henrietta Herbert, aliolewa na Edward Clive, mtoto wa Robert Clive, yule wa Kampuni ya India Mashariki aliyeshinda vita vya Plassey mwaka 1757 na kurudi kwao na utajiri wa kutisha. Mali ya akina Clive ndiyo iliyolikarabati kasri. Humo kasrini kuna makumbusho yao, vitu zaidi ya 1,000 kutoka Asia: panga, vinyago, vyombo vya pembe, na hema la Tipu Sultan wa Mysore, la kitambaa cha pamba chenye maua, zuri kuliko kanga yoyote niliyowahi kuvaa. Tipu aliuawa mwaka 1799 Waingereza walipoivamia Srirangapatna. Kichwa cha chui milia cha dhahabu na vito, kilichotoka kwenye kiti chake cha enzi, nacho kiko hapo, ndani ya kioo.

Jirani yangu, ambaye wazazi wake walitoka Gujarat wakapitia Mombasa, alisoma kila kibao bila kusema neno. Tulipotoka akauliza kama Tanzania tumeshaletewa mjusi wetu wa Tendaguru, ile mifupa ya dinosaria, kutoka Berlin. Nikamjibu bado. Tukacheka, ila si kicheko cha furaha.

Tangu 1952 kasri na bustani ya Powis viko chini ya shirika la National Trust, kwa hiyo ukilipa kiingilio unapita. Kwenye mgahawa tulipewa chai na vikeki vya Kiwelisi, vyembamba, vina zabibu kavu, vimekaangwa juu ya bamba la chuma. Ungevipenda, ila ungesema sukari imezidi.

Ushauri wangu: ukija, njoo mwishoni mwa Septemba au mwanzo wa Oktoba, kabla baridi haijakaza. Vaa raba, si makubadhi, maana ngazi ni nyingi na mawe yanateleza kwa umande. Anzia juu ushuke, halafu usimame kwenye uwanja wa nyasi ng'ambo utazame matuta yote kwa mkupuo. Na makumbusho ya Clive usiyaruke kwa sababu bustani imekupendeza. Vyote viwili vilikuwa vya nyumba moja.

Msalimie Mjomba na wote hapo nyumbani. Mbegu za dahlia siwezi kuzipitisha uwanja wa ndege, usinitume.

Mwanao akupendaye.