Walezi wa Wari Huko Newala

Ukisimama Masasi na kutazama huku na huku, waona milima ya mawe matupu imeinuka kutoka bondeni kama mitungi iliyopinduliwa. Hapo ndipo Askofu Edward Steere wa Waanglikana alipowaweka watumwa waliokombolewa, aliowaleta kutoka Unguja mwaka 1876. Mimi nililala Masasi usiku mmoja tu, kwa maana nilikuwa naitwa Newala. Ilikuwa mwezi wa Juni 2018, shule zimefungwa, na mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 9, alikuwa jandoni. Dada alinipigia simu akasema, “Kaka, njoo. Kuna shauri, na mjomba ni wewe.”

Wenyeji wa kusini wanajua uzito wa neno hilo. Kwetu Wamakonde, na kwa Wamakua na Wayao, mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba ndiye anayetoa ruhusa ya jando, na mambo yakiharibika yeye ndiye huulizwa. Nami ruhusa niliitoa kwa simu toka Lindi, bila kuuliza hata nani atamlinda mtoto. Kosa hilo lilinikaa moyoni njia nzima.

Njia yenyewe ilikuwa ya vumbi. Motokaa ilipita tambarare, kisha ikapanda mpaka juu, kwenye mchanga na mikorosho. Newala iko ukingoni kabisa. Pale wanapopaita Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafula, na chini sana waliona bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Ni mahali pazuri mno, lakini mchanga wa juu huku hunywa mvua yote, wala mto hakuna. Tangu zamani akina mama waliteremka bondeni kuteka maji na kupanda nayo kichwani. Mabomba yalikuja baadaye, lakini ndoo ya maji bado ni kitu cha kuheshimiwa.

Nataja maji kwa sababu kazi ya kwanza ya mlezi wa mwari ni kuteka maji. Walezi hawa si wazee. Ni vijana wa miaka 15, 16 au 17, waliotoka jandoni miaka michache tu iliyopita. Wazee wanafundisha na kuamuru; vijana ndio wanaolala na watoto. Wanatafuta kuni, wanapokea chakula cha akina mama, ambao husimama mbali wasikaribie kumbi, wanaosha vidonda, wanaamka usiku mtoto akilia. Siku hizi wengi hutahiriwa na mganga wa hospitali kabla ya kuingia kumbini, na miezi ya zamani imekuwa majuma machache ili shule isipotee. Lakini ulezi haukubadilika, wala mshahara hakuna. Mambo mengine ya ndani siyaandiki, maana nami niliyapokea kwa ahadi.

Nasikia Italia nako, shule zikifungwa mwezi wa Juni, vijana wa parokia hujitolea kuchunga watoto wadogo uwanjani kwa kanisa, michezo na nyimbo toka asubuhi. Ila jioni mtoto wa huko hurudi kwa mama yake. Wa kwetu anabaki porini na mlezi wake.

Basi habari ndiyo hii. Usiku mmoja mpwa wangu alishikwa na homa kali, akaanza kuweweseka. Mlezi wake, kijana wa kidato cha pili, aliwaamsha wazee. Wakasema asubiri kuche, kwa sababu mwari hatolewi kumbini kabla ya siku yake, wala haonwi na wanawake. Kijana alisubiri kidogo, kisha akamfunika mtoto shuka mpaka usoni, akambeba mgongoni, akatembea gizani hata zahanati. Ilikuwa malaria. Mganga alisema ni vema hawakungoja asubuhi.

Nilipofika, mtoto alikuwa amekaa anakula uji. Shauri lilikuwa la kijana: alipe mbuzi kwa kuvunja kumbi. Tuliketi chini ya mkorosho. Mzee mmoja alisema kwa hasira, “Mila ikitobolewa leo, kesho itakuwa chujio.” Maneno yake yalikuwa na nguvu, sikuweza kuyadharau.

Ndipo mzee mwingine, Mwanglikana wa upande wa Masasi, akaomba kusema. Alikumbusha kuwa wamisionari wengi wa kwanza waliliona jando kuwa upagani mtupu. Lakini Vincent Lucas, hata kabla hajawa Askofu wa Masasi mwaka 1926, alikubali pamoja na mapadre Waafrika kwamba vijana Wakristo wawe na jando lao, lenye sala, na msalaba mahali pa mti wa matambiko. “Wazee wetu walibadili mti,” akasema, “na jando halikufa. Sisi tunashindwa kubadili usiku mmoja?”

Wote wakanigeukia mimi. Nikasema, “Wazee wangu, kosa la kwanza ni langu, sikuuliza. Faini nitatoa mimi. Lakini kijana huyu asikemewe, na tangu leo mtoto akiugua mlezi aruhusiwe kumtoa usiku uleule.” Mbuzi ikageuka kuku wawili. Yule mzee mwenye hasira alikubali kuku, neno la mwisho hakulikubali, akaenda zake bila kuaga.

Kesho yake nilimwuliza kijana kwa nini alijitia katika taabu ile. Akajibu, “Shikamoo, mjomba. Mimi mwaka 2011 nililia humo usiku kucha, na kaka aliyenilea hakulala.” Hakuongeza neno.

Siku ya tatu mpwa wangu aliomba mwenyewe kurudi kwa wenzake. Nikamsindikiza hata pale akina mama wanaposimama. Mlezi wake alikuwa anangoja chini ya mti na ndoo ya maji. Akaitua, akamshika mtoto mkono, wakaingia.