Saba ya Kopa Huko Busitema

Dada yangu ameolewa Busitema, ng'ambo ya Busia, na kwa muda mrefu ikawa yeye ndiye anayekuja Mombasa, sisi kwao hatuendi. Mama alianza kusema kwamba ukwe wa kupokea tu bila kwenda ni aibu ya ukoo mzima. Kwa vile mimi ndiye niliyekuwa sina mke wa kuniuliza naenda wapi, nikafungiwa halua, kahawa ya kusaga na kanga doti mbili, nikatiwa kwenye treni ya Nairobi. Usiku huohuo nikapanda basi la Busia.

Bonde la Ufa nililipita nimelala, na Kisumu nikaiona kwa taa za kituo cha mafuta. Busia tuliingia kumepambazuka. Hapo ndipo safari yangu ilipoanza hasa, kwa sababu magharibi ya Kisumu sikuwa nimewahi kukanyaga.

Nilitarajia mpaka wa kutisha, wenye geti na askari wa kukodoa macho. Nikakuta mji mmoja wenye jina moja pande zote mbili, na watu wanaovuka kama waendao sokoni, ambako kweli ndiko wengi walikokuwa wakienda. Tangu 2018 kituo cha mpakani ni cha pamoja: ofisa wa nchi unayoitoka na wa nchi unayoiingia wako chini ya paa moja. Mkenya anapita kwa kitambulisho chake cha taifa, bila pasipoti, kwa makubaliano ya 2014 baina ya Kenya, Uganda na Rwanda. Nje ya jengo, wanaume wenye ulemavu wa miguu walikuwa wakiendesha baiskeli za magurudumu matatu zilizosheheni magunia na mitungi, wakipigiana kelele za kuombana njia. Vijana wa boda boda nao wakanizunguka. Hawa wana haki ya kujidai kwenye mji huu. Kazi yao ilizaliwa hapahapa miaka ya 60, kwa baiskeli, kumvusha msafiri kutoka geti hadi geti.

Mstari wenyewe ni wa juzi. Hadi 1902 Uganda ilifika mpaka karibu na Naivasha. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka uliotangulia, na Waingereza wakaona bora iwe yote chini ya utawala mmoja, wakaumega mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia upande wetu. Wasamia na Wateso wakaamka wako nchi mbili. Shemeji yetu ni Msamia, na ana baba wadogo Kenya ambao kura zao na zake hazijawahi kukutana, ingawa msiba wao ni mmoja.

Kwenye kibanda cha kubadilisha fedha, shilingi moja yetu ilinipa karibu 28 za kwao. Mtu akishika bunda nene namna ile kwa mara ya kwanza anajiona tajiri, na hisia hiyo ilikuja kunigharimu usiku. Gari la abiria huko wanaliita taksi. Ukiuliza matatu, watakuletea karata. Nililichukulia kuwa ni mzaha wa kondakta.

Barabara ya Busitema inapita kwenye mashamba ya mahindi na mihogo, kisha msitu unaoifuata barabara kuu ya Jinja na Tororo. Nyani walikuwa wamekaa kando ya lami wakingoja maganda ya ndizi kutoka madirishani. Kisha ukaja uzio wa Chuo Kikuu cha Busitema. Kilifunguliwa 2007, ila mahali penyewe pana umri zaidi, kwani hapo kabla palikuwa chuo cha kufundisha mitambo ya kilimo. Abiria jirani yangu aliyekuwa na kuku wawili alisema mwanawe anasoma uhandisi humo. Alilisema mara tatu.

Kwa dada nilipokewa kwa vigelegele ambavyo sikustahili. Watoto wakaning'ang'ania "Mjomba! Mjomba!" kabla sijatua mkoba. Baba mdogo wa shemeji, mzee mrefu mwenye mikono mikubwa, alikuwa amekaa chini ya mwembe. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa lafudhi ya Kilindini kabisa. Kumbe kwa miaka mingi alikuwa dereva wa lori la Mombasa na Kampala. Mizani ya Mariakani anaijua kuliko mimi niliyezaliwa jirani nayo.

"Mombasa mnacheza nini siku hizi?" akaniuliza. "Bado ni wahedi wa sitini?"

Nikamwambia bado, ila vijana wa bara wametuletea poka yao.

Hiyo poka, kwa msomaji asiyeijua, haina uhusiano na ile ya Las Vegas. Mkenya akisema poka, aghlabu anamaanisha mchezo wa kumaliza kadi: unafuata rangi au namba ya kadi iliyo juu, mbili na tatu zinamlisha mwenzako, ree inabadili rangi, na ukikaribia kumaliza sharti useme "niko kadi", la sivyo ushindi si wako. Matatu ya Uganda ni ndugu wa mchezo huo, ila ana tabia zake. Kabla ya kuanza, kadi moja inawekwa wazi chini ya rundo, nusu yake ikionekana. Rangi yake ndiyo rangi ya kukatia. Yeyote atakayefanikiwa kuteremsha saba ya rangi hiyo amekata mchezo palepale, na kila mtu anahesabu alichobaki nacho. Mwenye hesabu ndogo anashinda. Nyumbani kwa shemeji, mbili ilihesabiwa 20, ree 15, mfalme 13, malkia 12, ghulamu 11, na nyingine kwa namba zake.

Sasa fikiri mimi na saba. Pwani, kwenye wahedi wa sitini, saba ni seti; ina thamani ya pointi 10 kati ya 120 za mchezo mzima, na ree peke yake ndiyo inayoipita. Ukiipata unaificha mpaka mwenzio apige ishara. Kwenye poka ya Nairobi, saba ni kadi ya kawaida ya kufungia, haimtishi mtu. Busitema, moja kati ya saba nne ni panga.

Baada ya chakula (kalo ya wimbi na muhogo, samaki, na mboga zilizoungwa kwa karanga, ambazo nilirudia bila kuona haya) mkeka ulitandikwa. Tukakaa wanne: mzee, shemeji, mimi, na kijana wa jirani anayechimba dhahabu upande wa Tiira. Kucha zake zilikuwa na udongo mwekundu ambao alisema hautoki, na alizungumza habari za kuchanganya zebaki kwa mikono mitupu kwa utulivu ulionitia wasiwasi. Dada alikataa kucheza. "Kaka, huyo mzee ukimwona anapiga miayo, lala," akasema, akaingia ndani.

Tulianza kwa sarafu za 500, zile zenye korongo. Hapo hapakuwa na maumivu. Leo unapoteza, kesho inarudi, na mzee alisimulia foleni za malori pale Malaba, ambazo enzi zake zilichukua siku nyingi, madereva wa nchi nne wakicheza chini ya trela. Huko ndiko alikofundishwa, na huko, alisema, alijua nani ana mzigo wa haraka kwa kumtazama anavyoshika karata.

Usiku ulipozidi, kijana wa Tiira akapendekeza tufunge kwa raundi moja ya mtoano. Kila mmoja atoe 5,000; mwenye hesabu kubwa atoke; wawili wa mwisho waongeze watakavyo. Shemeji akatoka kwanza. Kijana akafuata. Tukabaki mimi na mzee, na 20,000 mkekani. Mzee akaongeza 30,000. Nami nikaongeza 30,000 kwa mkono mwepesi wa mtu anayeshika fedha ya wenyewe. Jumla 80,000.

Kadi ya chini ilikuwa kumi ya kopa. Kwa hiyo panga ni saba ya kopa.

Tulicheza kwa kubishana rangi mpaka nikabaki na kadi nne: tisa ya kopa, mbili ya kopa, mbili ya pau na mfalme wa pau. Mzee alikuwa na tano. Alikuwa ametoka kuteremsha tisa ya shupaza. Mbili nyingine mbili zilikwisha kupita, kwa hiyo hakuwa na cha kunijibu. Mpango ulijipanga wenyewe: nateremsha tisa ya kopa juu ya tisa yake, yeye anacheza chochote cha kopa au anavuta, halafu mbili ya kopa, anavuta mbili, mbili ya pau, anavuta mbili tena, mfalme wa pau, nimemaliza. Akibadili rangi atanichelewesha tu.

Cha kuogopwa kilikuwa kimoja. Nikahesabu. Rundo la wazi lilikuwa na kadi 12, mkononi mwangu 4, na ile ya chini. Zilizobaki gizani 35, naye anazo 5. Moja kwa saba kwamba panga liko kwake. Kadi nyingine ya kuteremsha sikuwa nayo. Njia ya pili ilikuwa kuvuta kadi kwa hiari na kuendelea kubeba mzigo. Hesabu ya mkono wangu ilikuwa nzito kwa sababu kadi za kushindia ndizo hizohizo kadi za gharama, na huo ndio ukatili wa mchezo huu ambao poka ya Nairobi haina.

Nikateremsha tisa ya kopa.

Mzee akapiga miayo. Akaweka saba ya kopa juu yake, polepole, akiinyoosha pembe kwa kidole ilingane na ya chini.

Nilikuwa na 53. Yeye alifunua tatu, nne, tano na sita: 18.

Kijana wa Tiira alicheka mpaka akakohoa. Shemeji akasema ningevuta. Kwamba mzee hawezi kushika kadi tano ndogo namna hiyo bila kuwa anangojea kukata. Nikamuuliza alizionaje kuwa ndogo. Akasema kwa utulivu wake. Mpaka leo hatujakubaliana, na kila akinipigia simu lazima tuirudie. Msimamo wangu ni uleule: mara sita kati ya saba zile ni fedha zangu, na nikipewa mkono ule kesho nitateremsha tisa. Anayevuta pale anacheza na miayo ya mzee, si na karata.

Ilipofika kulipa, kumbe noti zangu za Uganda hazikutosha. Nikatoa za Kenya kumalizia, na mzee akazikokotoa kwa 25.

"Mzee, mpakani ni 28," nikamwambia.

"Hapa si mpakani, mwanangu," akanijibu, akizikunja. "Hapa ni Busitema, na ni usiku."

Tukavutana mpaka 26 na nusu, dada akiwa shahidi kutoka dirishani.